Gesi ikija Lamu kwa meli: meli yenyewe ndiyo kazi nyepesi

Bandari ya Lamu ina kitu ambacho bandari nyingi za mwambao zinakitamani: kina. Gati zake tatu za mwanzo pale Kililana, ndani ya ghuba ya Manda, zilichimbwa hadi mita 17.5. Meli kubwa ya gesi ikiwa imesheheni huzama mita 12 hivi. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na tangu hapo kumekuwa na nafasi kuliko meli za kuijaza. Si ajabu basi mtu kuitazama ghuba ile iliyokingwa na mawimbi akauliza: kwa nini tusifunge pale meli ya kupokea gesi kutoka ng'ambo, tukapata umeme?

Swali si baya, ila limeanzia kwenye meli, na kati ya yote yanayotakiwa, meli ndiyo nyepesi kupatikana. Hukodishwa, ikaja na mabaharia wake na vyeti vyake. Kinachosumbua ni vitu viwili visivyopandishwa melini: nani atakayeichoma gesi hiyo huku bara, na ni maji ya nani yatakayofungwa ili meli ikae.

Kabla ya kufika huko, tuelewane ni gesi ipi. Gesi ya mtungi tunayopikia ni propani na butani. Hizo ukizibana kidogo tu hugeuka maji hata kwenye joto la Lamu, ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kinachezacheza ndani. Gesi asilia ni nyingine. Kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haigeuki maji kwa kubanwa tu katika joto letu. Lazima ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ikifika hapo ujazo wake hupungua mara 600 hivi, na hapo ndipo inapofaa kusafirishwa kwa meli. Wafanyabiashara huiita LNG. Haiuzwi kwa mtungi dukani, na anayeahidi kuwa terminali ya namna hii itashusha bei ya mtungi Langoni au Mokowe ama hajui anachokisema, ama anajua sana.

Isichanganywe pia na habari za visima. Pate kulichimbwa kisima mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kingine mwaka 2018, na huko baharini kisima cha Mbawa kilikuta gesi mwaka 2012, lakini haikutosha kufanyiwa biashara. Hizo ni habari za gesi ya kwetu kutoka. Hapa tunazungumzia gesi ya watu kuja.

Zamani nchi iliyotaka kuagiza LNG ilijenga matangi makubwa nchi kavu, kazi ya miaka mitano au zaidi na gharama inayoweza kufika dola bilioni moja. Mwaka 2005, huko Ghuba ya Meksiko upande wa Marekani, ilianza njia nyingine: meli yenyewe iwe ghala, na iwe na mtambo wa kuirudisha gesi katika hali yake. Meli-ghala ya siku hizi ina urefu wa karibu mita 300 na huchukua mita za ujazo 170,000 hivi. Inafungwa mahali pamoja kwa miaka. Meli ya kuleta shehena huja ikajilaza ubavuni mwake, mabomba maalumu yakaunganishwa, gesi ikahamishwa kwa siku moja au zaidi kidogo. Kisha pampu huisukuma kwenye mashine ambamo maji ya bahari hupita upande wa pili. Kwa kitu kilichopozwa kiasi hicho, maji ya Lamu ya nyuzi 27 ni moto tosha. Gesi huchemka, ikapanda presha, ikaingia kwenye bomba kuelekea nchi kavu.

Kazi hii inaweza kwenda haraka sana, na hapo ndipo watu wengi huvutwa. Lithuania ilifunga meli yake bandarini Klaipėda mwishoni mwa 2014, ikaipa jina Independence, yaani Uhuru, ili asiwepo wa kuuliza ilikuwa inamkimbia nani (Urusi). Ujerumani, baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, ilikuwa na meli-ghala Wilhelmshaven ifikapo Desemba mwaka huohuo. Picha zile zilizunguka dunia. Lakini tazama kilichokuwa nyuma ya gati: Ujerumani ilihitaji kutandika bomba la kilomita 26 tu, likaungana na mtandao wa mabomba uliokwishajengwa kwa miongo mingi, wenye viwanda na mamilioni ya nyumba vikiisubiri gesi upande wa pili. Lamu haina hata kilomita moja ya bomba la gesi. Kenya nzima haina mtandao wa gesi asilia.

Kwa hiyo gesi ikifika Kililana itachomwa na nani?

Jibu la haraka ni kinu cha umeme. Na wazo hilo si geni. Mwaka 2013 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40, na humo mlikuwa na mtambo wa gesi ya kuagiza wa megawati 700 upande wa Dongo Kundu, Mombasa, pamoja na wa makaa ya mawe wa karibu megawati 1,000 hapa Kwasasi, Lamu. Hakuna hata kimoja kilichojengwa. Ona kwamba hata wakati ule gesi ilipelekwa Mombasa kwenye makaratasi, na kwa sababu inayoeleweka: huko ndiko kuna viwanda, na huko ndiko kuna mitambo ya Kipevu na Rabai inayochoma mafuta mazito na ambayo angalau inaweza kufikiriwa kubadilishwa ichome gesi. Lamu kungeanzwa na kiwanja kitupu. Umeme nao ungelazimika kusafiri zaidi ya kilomita 300 kwa laini ya kilovoti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, laini iliyovutwa ili ituletee umeme sisi, na ambayo haitoshi kubeba megawati 700 kwenda upande wa pili bila kujengewa nyingine.

Tuchukue hata hivyo kwamba mtambo wa megawati 700 umejengwa Lamu. Tupige hesabu, kwa kalamu na karatasi tu. Mtambo mzuri wa gesi hutumia mita za ujazo 190 hivi kutoa megawati-saa moja. Ukikimbia saa 24 kwa nguvu zote utakula mita za ujazo milioni 3.2 kwa siku. Shehena moja ya meli, ikisharudi kuwa gesi, ni mita za ujazo milioni 100 hivi. Basi meli moja kwa mwezi, kumi na mbili kwa mwaka. Meli-ghala ya kawaida ina uwezo wa kusukuma mara nne ya kiasi hicho kwa siku. Kwa hiyo hata mtambo mkubwa namna hiyo, ukifanya kazi usiku na mchana, ungetumia kama robo ya chombo tulichokikodi.

Na haungefanya kazi usiku na mchana. Kenya ina mvuke wa Olkaria ambao hauzimi, ina mabwawa, ina upepo wa Turkana na jua la mchana, na tangu Novemba 2022 inanunua umeme wa Ethiopia. Mahitaji ya nchi nzima yanapopanda kileleni yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na kilele hicho hakikai. Pengo letu ni la baada ya magharibi, tangu saa moja hadi saa tatu au nne za usiku, watu wakiwasha taa, pasi na televisheni kwa pamoja. Mtambo wa gesi unaweza kuliziba pengo hilo vizuri, maana huwaka na kuzimwa kwa wepesi. Shida ni kwamba kazi hiyo ya saa chache, tuziite nne kwa siku, ndiyo isiyopatana hata kidogo na meli ya kukodi.

Kodi ya meli-ghala, soko likiwa limetulia, ni kama dola laki moja kwa siku. Baada ya 2022 ilipanda hata mara mbili. Tuitumie hiyo ya chini. Kwa mwaka ni dola milioni 36.5, yaani shilingi bilioni 4.7 kwa dola moja shilingi 129. Mtambo wetu ukikimbia mwaka mzima bila kupumzika, kodi hiyo ikigawanywa kwa kila uniti inakuwa senti 77. Ukikimbia saa nne tu za jioni, inakuwa shilingi 4 na senti 60 kwa uniti. Na hapo hatujanunua gesi yenyewe, hatujalipa mtambo, wala waya, wala tagi za kuvuta meli, wala mabaharia wa zamu.

Halafu gesi haisubiri. Hata tangi liwe limekingwa vipi, kiasi cha sehemu moja kwa elfu ya shehena huchemka yenyewe kila siku. Kwa meli ya ukubwa tuliousema, ni mita za ujazo laki moja za gesi kwa siku, iwe kuna anayeihitaji au hakuna. Lazima ichomwe kwenye injini za meli, au ipozwe upya kwa gharama, au ipelekwe mtamboni. Mtambo wa saa nne kwa siku ungemaliza shehena moja kwa miezi sita hivi. Gesi ya kukaa miezi sita ndani ya meli ni biashara ya ajabu.

Mikataba ya aina hii huandikwa kwa mtindo wa chukua au lipa. Ni mtu kukodi jahazi msimu mzima kubeba boriti: mwenye chombo anataka chake, upakie au uliache linagonga gati. Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe mara mbili na kila mwenye mita ya umeme, kwa kuwa malipo hayo hayalipwi na wizara. Ukinunua tokeni, ujumbe unaokuja kwenye simu huonyesha uniti ulizopata, kisha makato mengine, na humo ndani mna gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni. Gesi ya kuagiza huingia kwenye yote mawili, kwani ni nishati na hununuliwa kwa dola. Kwa ule mtambo wa makaa wa Kwasasi, wachambuzi walikadiria kwamba nchi ingelipa dola milioni 360 kwa mwaka kwa ajili ya uwezo wake tu, hata kama usingetoa uniti moja.

Bei ya gesi yenyewe nayo ina vituko. Katikati ya 2020 kwenye soko la Asia ilishuka chini ya dola 2 kwa kipimo chao cha kawaida. Agosti 2022 kipimo hichohicho kilifika karibu dola 70. Pakistani na Bangladeshi zilikuwa na meli-ghala zimefungwa bandarini, mitambo ipo, mabomba yapo. Ulaya ikaja sokoni na pesa nyingi, shehena zikaelekea huko. Julai 2022 Bangladeshi iliacha kununua gesi ya soko la papo hapo kwa sababu ya bei, na ikaingia kwenye mgao wa umeme. Meli ilikuwepo, gesi ndiyo iliyokosa kuja.

Sasa tuje kwenye maji, ambako naona mjadala wa Lamu ungekuwa mkali kuliko mahali pengine popote Kenya.

Meli-ghala inayotumia maji ya bahari kuchemshia gesi hunywa zaidi ya mita za ujazo elfu kumi kwa saa ikifanya kazi kwa nguvu zote. Maji hayo yanarudi baharini yakiwa baridi zaidi kwa nyuzi 5 hadi 7, na yametiwa klorini kidogo ili chaza na takataka za bahari zisiote ndani ya mabomba. Samaki mkubwa anaweza kuzuiwa na wavu wa mlangoni. Yai la samaki haliwezi, wala kamba mchanga asiyezidi punje ya mchele. Vitoto hivi ndivyo vinavyozaliwa na kujificha kwenye mikoko na nyasi za bahari, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu.

Kuna jambo hapa ambalo mtaalamu wa kutoka mbali anaweza kulipita na mvuvi wa Matondoni asilipite. Maji baridi ni mazito, huzama chini yakatambaa. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa ikipita mita 3, mkondo utayapiga na kuyachanganya. Wakati wa maji mafu hautayachanganya vivyo hivyo. Kwa hiyo ripoti itakayoonyesha ramani nzuri ya maji yakitawanyika iulizwe kwanza: vipimo vilichukuliwa siku gani za mwezi, na ni msimu wa kusi au wa kaskazi?

Si hofu za kubuni. Huko Victoria, Australia, kampuni moja ilitaka kufunga meli-ghala Crib Point, ndani ya ghuba yenye mikoko, nyasi za bahari na ndege, ghuba ambayo tayari ilikuwa na bandari. Ingetumia zaidi ya lita milioni 400 za maji ya bahari kwa siku. Machi 2021 waziri wa mipango wa jimbo lile aliukataa mradi kwa athari zake kwa mazingira ya bahari. Ipo njia nyingine, ya kuzungusha maji yaleyale na kuyapasha kwa kuchoma sehemu ndogo ya gesi. Hiyo huipunguzia bahari mzigo, ikaongeza moshi na gharama. Mwekezaji akija na mfumo wa kwanza bila kueleza kwa nini ameuacha wa pili, ujue amechagua wa bei nafuu.

Kisha kuna duara. Kila meli ya gesi huwekewa eneo la usalama ambalo chombo kingine hakiingii, na meli ya shehena inapoingia mlangoni duara hilo husafiri nayo. Upana wake huamuliwa na utafiti wa hatari. Sababu ni ya kweli: gesi ikimwagika hufanya wingu baridi linalotambaa juu ya maji, halina harufu, na likichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 huwaka kwa cheche. Ajali za namna hiyo ni nadra, kwa sababu maduara hayo huheshimiwa. Lakini nani anayeheshimishwa? Mwenye mtumbwi wa malema, na mwenye jarife anayepita kwenda Ndau au Kiwayuu. Mvuvi wa Lamu ameshapitia hayo: ameishi miaka kadhaa na marufuku ya kuvua usiku kwa sababu za usalama, kisha bandari ikafukua na kufukia maeneo yake ya kuvua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari, na safari ya kutoka hukumu hadi mkononi ilikuwa ndefu, yenye rufaa na mapatano. Yeyote anayepanga mradi mwingine katika maji yaleyale ahesabu kwamba wavuvi wanajua njia ya kwenda mahakamani, na wanajua pia kwamba hukumu siyo chakula.

Ulinzi una gharama yake. Kambi ya kijeshi ya Manda Bay ilishambuliwa Januari 2020. Kule Palma, Msumbiji, shambulio la Machi 2021 liliusimamisha mradi mzima wa gesi wa mabilioni ya dola. Kampuni za bima zinasoma habari kama sisi.

Kwa upande wa sheria, njia inajulikana: NEMA kwa tathmini ya mazingira, EPRA kwa leseni ya nishati, mamlaka za bandari na usafiri wa baharini kwa meli, na kaunti kwa ardhi. Kilichouangusha mtambo wa makaa mwaka 2019 hakikuwa moshi peke yake. Baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi waliitwa kwenye mikutano ya utambulisho kabla utafiti haujawa tayari, na utafiti ulipokuja hawakurudiwa wauelewe na kuujibu ipasavyo. Watu walihudhuria, wakasaini daftari, na daftari likageuzwa ridhaa. Mradi wa gesi ukirudia mchezo huo utaanguka palepale. Ripoti ya kurasa mia kadhaa za Kiingereza iliyowekwa ofisini Mokowe haijamfikia mtu wa Kizingitini.

Nikiwa mwadilifu, gesi ina haki yake. Ikichomwa hutoa kama nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa, haina masizi ya mafuta mazito, na nchi yenye upepo na jua jingi itahitaji kitu cha kuwaka upepo ukitulia. Dai hili hupungua nguvu gesi ikivuja njiani, kwa kuwa methani ndani ya miaka 20 huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Mimi ningeanza na majirani. Tanzania inachoma gesi yake ya Songo Songo tangu 2004, na Mei 2021 Nairobi na Dodoma zilitia saini makubaliano ya bomba la Dar es Salaam hadi Mombasa. Bomba halijajengwa, na lina mashaka yake, lakini linaelekea palipo na wateja.

Uzuri mmoja wa meli ni kwamba huondoka. Misri ilikodi mbili mwaka 2015, ikagundua gesi yake ya Zohr mwaka huohuo, ikaziacha ziende, kisha mwaka 2024 gesi ikapungua ikakodi tena. Ghana ilipokea chombo chake Tema Januari 2021, kikakaa miaka bila kufanya kazi iliyokileta. Misri ilikuwa na mabomba na mitambo kabla meli haijaja, na ilibaki navyo ilipoondoka. Lamu vitu hivyo vingejengwa kwa ajili ya meli, na kwa hiyo, meli ikiaga, kuna gati la kipekee, bomba lililozikwa chini ya mkondo na mtambo usio na kitu cha kuchoma. Ndiyo maana amana ya kuving'oa inafaa iwekwe benki kabla ya nguzo ya kwanza kupigwa, kwa jina ambalo kaunti inaweza kulifikia, si kuachiwa kampuni iliyosajiliwa kwa ajili ya mradi huu tu.